Jicho Moja na Nusu

Kliniki ya ngozi, ghorofa ya pili
Jumapili, 3 Machi

Dada,

Najua utauliza barua ya nini wakati simu ipo mkononi. Kwenye simu wewe husema "mimi mzima" kabla sijamaliza kuuliza, halafu unakata kwa sababu mwanafunzi amezima gari katikati ya njia. Karatasi haikatiki. Isome yote, na uisome ukiwa umeegesha.

Jana nilikuchoma sindano tano za kuondoa ndita, ile mikunjo ya katikati ya nyusi, na mpaka leo nakuona kwenye kiti changu, umeng'ang'ania mikono ya kiti ukiniambia, "Kanyaga taratibu, Kitinda, kanyaga taratibu." Nimecheka peke yangu asubuhi nzima. Samahani sikuweza kukushusha ngazi, korido ilikuwa imejaa wateja. Uliniahidi utakaa mapokezi, mgongo wima, mpaka muda wa basi. Naomba iwe ndivyo ulivyofanya.

Nilikueleza kwa mdomo, sasa nakuandikia, na wewe unijibu jambo kwa jambo, kwa sababu kila mteja wangu namfuatilia. Je, saa nne za kwanza hukulala wala kuinamisha kichwa? Je, hukukanda paji la uso, hukulisugua, hukulibonyeza siku nzima? Hukuvaa kofia ya kubana wala kilemba cha kukaza? Hukujifukiza, hukuweka taulo la moto, hukufanya mazoezi ya kutoa jasho? Dawa inatakiwa ikae pale nilipoiweka. Ikisukumwa, inakwenda kulegeza msuli ambao haukuwa na kesi nayo.

Ndita zako hazitaondoka leo. Kuanzia siku ya tatu utaona mabadiliko, na baada ya wiki mbili ndiyo utajua umepata nini. Kichwa kikiuma kidogo, meza dawa yako ya kawaida ya maumivu. Alama ya bluu itafutika yenyewe. Lakini jicho likikataa kufunguka sawasawa, ukianza kuona vitu viwiliviwili, au kumeza kukiwa kugumu, hapo usiandike barua. Piga simu saa hiyohiyo.

Nafurahi ulikuja, Dada. Uliniambia umechoka kuulizwa na wanafunzi "Mwalimu, nimekosea nini?" wakati wewe unawaza chakula cha mchana tu. Ngoja wiki mbili.

Mdogo wako,
Kitinda


Shule ya udereva
Ijumaa, 8 Machi

Kitinda,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeegesha, breki ya mkono juu, injini imezimwa. Umeridhika?

Haya, majibu. Sikulala. Sikuinama. Sikukandwa na mtu. Kofia sina, kilemba nilikifungua kwenye basi. Taulo la moto sikuliona kwa macho yangu. Naapa. Na usiniulize tena, mimi si mtoto, nilikufunga kamba za viatu mpaka ukiwa darasa la nne.

Ndita zinaondoka! Jana nilijitazama kwenye kioo cha pembeni nikaona paji la uso limenyooka, nikadhani ni la mtu mwingine anayetaka kunipita. Ile mistari miwili nilikuwa nayo tangu mwanafunzi wangu wa kwanza alipogonga kibao cha shule yetu wenyewe. Ila hasara yake nimeshaiona. Asubuhi binti mmoja aliingia kwenye mzunguko kwa upande usio wake, akageuka kunitazama kama nimekasirika, akakuta uso umetulia tuli, akaendelea! Zamani uso wangu peke yake ulikuwa unasimamisha gari. Sasa nimebaki na kanyagio langu la breki tu.

Wewe hali yako? Hujasema neno juu ya kazi. Daktari bado anakusifu?

Dada yako,
Mama Breki


Kliniki, mapokezi
Jumanne, 12 Machi

Dada,

Nimefurahi kuhusu ndita. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Nakuandikia kutoka chini, mapokezi, mwenzangu anaumwa na mimi nimeshika nafasi yake.

Nina ombi moja. Nitumie picha ya uso wako. Uso mzima kutoka mbele, mchana, kwenye mwanga, bila kucheka. Nataka kuona kope zako. Zote mbili ziko usawa mmoja? Unaweza kuinua zote mbili sawasawa? Jipime mbele ya kioo ndipo unijibu, usinijibu kwa kichwa.

Usiniulize kwa nini. Nitumie tu.

Kitinda


Shule ya udereva
Jumamosi, 16 Machi

Kitinda,

Picha hiyo hapo ndani ya bahasha. Ndiyo, nimevaa miwani ya jua, kwani jua lilikuwa kali na mwalimu wa udereva hapaswi kukodoa macho hadharani. Ndiyo, nimegeuka kidogo upande wa kulia. Mpiga picha ni mwanafunzi wa somo la tatu, huyo hata gari bado hajaweza kulinyoosha.

Kope ninazo mbili, kama nilivyozaliwa nazo.

Huku mambo motomoto. Wanafunzi wamekuwa watiifu ghafla, na wengine wananiuliza kama nimelala vizuri. Yule mzee mstaafu wa posta, unamkumbuka, aliyefaulu mtihani mwezi uliopita? Amerudi kujiandikisha masomo kumi zaidi. Nikamwambia, "Mzee wangu, leseni si unayo?" Akajibu, "Mwalimu, elimu haina mwisho." Viatu amevipiga rangi mpaka naona dashibodi ndani yake. Sijui kapatwa na nini.

Na mwenzako wa mapokezi ataumwa mpaka lini? Mwambie anywe dawa, wewe urudi juu kwenye kazi yako. Sikukusimamia usome ili uje kuandika miadi ya watu.

Mama Breki


Kliniki, mapokezi
Jumatano, 20 Machi

Dada,

Mwenzangu haumwi. Ni mimi niliyeshushwa.

Nimekuficha kwa sababu unapenda kuwaambia watu mdogo wako ana mkono wa sindano. Sasa siwezi tena. Tangu mwisho wa Februari wateja sita wamerudi na kope iliyoshuka. Mama mwenye duka la vitabu, mwalimu wa kwaya, dada mmoja wa benki ambaye alilia mbele yangu, na wengine. Daktari aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Mkono wako unakwenda chini mno, unagusa msuli wa kope." Nikamwambia napima kwa rula kila mteja, nabaki juu ya mfupa wa nyusi kama nilivyofundishwa. Akaniuliza, "Sasa ni nani? Sindano inashikwa na nani?"

Siku kumi sijagusa sindano. Kila asubuhi napanda ngazi mpaka katikati kwa mazoea, halafu nakumbuka, nashuka. Mwisho wa mwezi Daktari ataliandikia baraza la wauguzi kibali changu cha sindano kiondolewe. Miaka miwili, Dada, kila Jumamosi na Jumapili nikiwa darasani wenzangu wakiwa harusini. Na kibaya zaidi nimeanza kumwamini. Nikinyanyua kikombe nautazama mkono wangu kuona kama unacheza.

Lakini wewe umepona. Jumamosi ile niliwachoma watu wanne, siku moja, mkono mmoja, dawa kutoka chupa moja. Watatu wameshuka kope. Wa nne ni wewe, na wewe una kope mbili kama ulivyozaliwa nazo! Nimemwambia Daktari hivyo. Nimemwambia, kama mkono wangu ni mbovu, dada yangu amesalimika vipi? Amekubali kukuona kabla hajaandika barua yake. Jumamosi tarehe 30, saa nne asubuhi.

Njoo tu na uso wako. Sina shahidi mwingine.

Kitinda


Shule ya udereva
Jumamosi, 23 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Mimi ni wa nne.

Kope yangu ya kushoto ilianza kuteremka tarehe saba, siku moja kabla ya kukuandikia ile barua ya viapo. Imefika katikati ya mboni ikaegesha hapohapo. Naona vizuri, kila asubuhi najipima kwa kusoma namba za magari mpaka mwisho wa mtaa, na vitu havijawa viwiliviwili. Lakini jicho limefumba nusu. Ndiyo maana ya miwani. Ndiyo maana wanafunzi wananiuliza kama nimelala. Na yule mzee wa posta, Mungu amsaidie, nikivua miwani anadhani namkonyeza.

Uliniambia nipige simu. Sikupiga, kwa sababu nilijua kosa ni langu na niliona aibu kulisema. Uliniambia nisilale, nisikandwe. Nililala, nikakandwa, tena nadhani nilikoroma. Sikutaka ujue kwamba dada yako mkubwa, anayewafokea watu kutwa nzima wafuate maelekezo, alishindwa kufuata yako hata kwa dakika ishirini.

Sitaki tena kusema kwa kuzungukazunguka. Unajua daftari langu la masomo, ambamo naandika kila kitu mwanafunzi anachofanya na dakika aliyokifanya, ili asije akabisha. Mkono wangu umeshazoea. Siku ile nilikuwa nalo kwenye pochi na nikaandika. Nakunakilia ukurasa kama ulivyo, usome, unikasirikie mara moja tuyamalize:

5:05 Nimekaa kitini. Kitinda amenawa mikono.
5:12 Sindano ya tano. Nimekunja na kukunjua uso kama nilivyoagizwa.
5:20 Nimeshuka ngazi. Meneja amenipokea, ananiita mama. Chumba cha mapumziko, kila aliyechomwa hupitishwa, zawadi ya kliniki.
5:25 Nimelala kifudifudi, uso ndani ya tundu la kitanda. Napumua kwa shida.
5:35 Nimegeuzwa chali. Taulo la moto usoni. Binti anakanda paji la uso kwa vidole gumba, anashuka mpaka kwenye macho. Raha.
5:50 Sijui.
6:10 Nimeamshwa. Chai.

Nilitaka kukataa. Halafu nikafikiri, nikikataa zawadi ya ofisi watasema ndugu wa muuguzi ana maringo. Basi nikalala.

Sasa shahidi wako ndiye huyu. Nikija, Daktari ataona kope ya nne na utaharibikiwa. Nisipokuja, atasema huna shahidi, utaharibikiwa vilevile. Nimezima simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, na nina wanafunzi sita leo. Niambie nifanye lipi. Nisamehe, Kitinda.

Dada yako


Kliniki, mapokezi
Jumanne, 26 Machi

Dada! Dada! Dada!

Nimekupigia simu mara tisa, umezima kweli! Hii nampa dereva wa basi la asubuhi, anasema wewe ndiye uliyemfundisha na bado anakuogopa, kwa hiyo itafika.

Chukua daftari. Soma mstari wa 5:20. Soma tena. "Kila aliyechomwa hupitishwa." Kila aliyechomwa!

Sikuwa najua. Naapa, na mimi naapa nikiwa na ukweli. Mimi nafanya kazi juu. Nilijua Meneja amefungua chumba kule nyuma, nilidhani ni cha wale wanaokuja kusafishwa ngozi kavu. Mimi juu namwambia mteja asilale, asikandwe, asiwekewe joto. Anashuka ngazi kumi na sita, anapokelewa kwa tabasamu, analazwa, anawekewa taulo la moto, dawa inasukumwa kwa vidole gumba kutoka nilipoiweka mpaka kwenye kope. Na mteja hasemi, kwa sababu anadhani ni sehemu ya matibabu.

Nilipomaliza kusoma nilipiga kelele, mzee mmoja akaangusha fomu zake. Halafu nikakumbuka nimeketi wapi. Waliponishusha mapokezi walinikabidhi daftari la miadi na simu ya wateja wote! Nimefanya kazi siku mbili, Dada. Chumba kilifunguliwa tarehe 13 Februari. Kabla ya hapo nimechoma miezi minane, hakuna kope hata moja iliyoshuka. Baada ya hapo, sita, na wewe saba. Jumatatu yule binti wa kukanda huwa hayupo, chumba kinafungwa. Nimehesabu watu kumi na mmoja waliochomwa siku za Jumatatu tangu kifunguliwe, nimewapigia wote, wote macho yao yako wazi. Nimewapigia wale sita pia. Nimewauliza swali moja tu, ukishuka ngazi ulipitia wapi. Wote sita, Dada. Mwalimu wa kwaya aliniambia, "Nilikandwa vizuri mpaka nikasinzia, mshukuru yule binti."

Mkono wangu hauna kosa. Nimeuandika huo mstari nikasimama kuutazama. Mkono wangu hauna kosa!

Sasa sikiliza. Jumamosi njoo. Njoo na jicho hilohilo na daftari hilohilo, na ukiingia ofisini uivue hiyo miwani. Kope itapanda yenyewe, inachukua wiki kadhaa, Daktari ataliangalia jicho na kuna matone ya kusaidia. Mpaka hapo usipande gari la mafunzo, waachie wenzako. Na hili la kukaa na jicho nusu wiki tatu bila kunipigia simu tutalizungumza, usidhani limepita. Nimekusamehe lakini nimekasirika, yote mawili kwa pamoja.

Mdogo wako, tena muuguzi,
Kitinda


Kliniki, ofisi ya Daktari
Jumanne, 2 Aprili

Kwa Mwalimu wa Udereva,

Salamu zangu zikufikie pamoja na matone uliyoyasahau mezani kwangu Jumamosi. Tone moja kwenye jicho la kushoto, mara tatu kwa siku.

Nimekuwa daktari wa ngozi kwa miaka ishirini na miwili na sijawahi kufokewa ofisini kwangu na mtu anayenitazama kwa jicho moja na nusu. Nimeyafikiria maneno yako tangu siku ile. Ulisema kwenye gari lako kuna makanyagio mawili ya breki, la mwanafunzi na la mwalimu, na gari likisimama ghafla hulaumu mtu kabla hujajua ni mguu wa nani uliokanyaga. Halafu ukanisogezea daftari. Ningependa ungeendelea kufoka, maana kusoma ule ukurasa mbele yako kulikuwa kugumu zaidi.

Nakuandikia mwenyewe kwa sababu kosa ni langu na nataka lisemwe na mimi. Meneja ni mdogo wangu. Alitaka wateja wajisikie wamepokelewa. Alinieleza habari ya chumba, nikamwambia "sawa, fungua" bila kunyanyua macho kwenye makaratasi. Maelekezo ya baada ya sindano yalibandikwa ghorofa ya pili peke yake, na yule binti anayekanda hakuwahi kuonyeshwa. Wateja saba walirudi na kope iliyoshuka. Nilimhoji muuguzi wangu juu ya mkono wake mara sita, na sikumwuliza mteja hata mmoja alipitia wapi akitoka juu.

Haya ndiyo niliyofanya tangu Jumamosi. Barua ya kwenda baraza la wauguzi, ambayo ilikuwa imeshachapwa, nimeichana mbele ya mdogo wako na mbele ya Meneja. Wateja wote sita nimewapigia mimi mwenyewe kuwaeleza na kuwaomba radhi, na matibabu ya macho yao yako juu yetu mpaka yapone. Aliyechomwa sindano haingii tena kwenye chumba kile. Kuanzia sasa mdogo wako ndiye msimamizi wa huduma zote za baada ya matibabu katika kliniki hii, juu na chini, na Meneja ameagizwa kumsikiliza. Anapata shida kidogo, lakini anasikiliza.

Nina ombi. Muuguzi wangu anataka kuandika karatasi mpya ya maelekezo, na anataka ifuate mtindo wa daftari lako, dakika kwa dakika, kuanzia mteja anapoinuka kitini mpaka anapofika kwake, ili ajue ni nani anaruhusiwa kumgusa na ni nani haruhusiwi. Tunaomba ruhusa yako.

Kwa heshima,
Daktari


Shule ya udereva
Jumamosi, 6 Aprili

Kitinda wangu,

Daktari ameniandikia ukurasa mzima kwa mkono wake. Nimemsomea kila mtu. Nimewasomea walimu wenzangu, nimemsomea fundi wa magari akiwa chini ya gari, hakuwa na pa kukimbilia. Msimamizi wa huduma zote, juu na chini! Nilipofika hapo kwenye "juu na chini" nilirudia mara mbili. Fundi akaniambia kutoka uvunguni, "Mama Breki, tumesikia." Nikamwambia hujasikia vizuri, nikarudia.

Mjibu ruhusa ipo. Lakini mwambie mtindo wangu una sharti, dakika isiyojulikana iandikwe "sijui", isibuniwe.

Nataka nikuambie jambo ambalo Jumamosi nilishindwa, kwa sababu Daktari alikuwepo na mimi nilikuwa nimeshafoka, sauti haikuwa imerudi kawaida. Ulipofungua lile daftari la miadi na kuanza kusoma, tarehe kwa tarehe, Jumatatu kwa Jumatatu, hukuruka mstari hata mmoja. Nilikuja nikidhani nakuja kukutetea, kumbe nimekuja kukaa kwenye kiti cha abiria. Sijawahi kukaa kwenye kiti cha abiria bila mguu kutafuta breki. Siku ile mguu ulitulia. Najivunia wewe mpaka kifua kinauma, na usiniambie ni dalili, ni majivuno tu.

Kope imepanda. Sasa hivi ni robo tatu, na wiki ijayo Daktari amesema nitarudi barabarani. Jana mzee wa posta alipita shuleni akaniona bila miwani, jicho halimkonyezi tena. Akasimama. Akauliza kwa unyonge, "Mwalimu, nimekukosea?" Nikamwambia ukweli wote, sindano, taulo, kope. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi, akafuta machozi kwa leso. Halafu akasema masomo yake kumi bado anayataka, na kama jicho limepona basi yeye atakuwa anakonyeza kwa zamu yake. Nimemwandikia somo la Jumatano.

Niambie, sindano wanakurudishia lini? Usinifiche tena, na mimi sitakuficha. Tumeona siri ilikotufikisha.

Dada yako mwenye fahari,
Mama Breki


Kliniki, ghorofa ya pili
Ijumaa, 12 Aprili

Dada,

Angalia nimeandika wapi hapo juu. Ghorofa ya pili.

Ilikuwa leo. Nilipanda ngazi zote kumi na sita, sikusimama katikati. Karatasi mpya imebandikwa kila ukuta, mapokezi, ngazini, mpaka kwenye mlango wa kile chumba cha nyuma, na yule binti wa kukanda ameikariri kuliko mimi. Alinishika mkono asubuhi akaniomba msamaha, nikamwambia hakuambiwa, hana deni nami. Tumekunywa chai pamoja.

Korido ilikuwa imejaa. Mama mwenye duka la vitabu amerudi, kope yake imeshapanda, na alipofika mapokezi aliambiwa achague siku. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi juu, "Siku yoyote, mradi ni yule muuguzi aliyenipigia simu." Mwalimu wa kwaya alikuwa nyuma yake. Nikasimama mlangoni na koti langu jeupe, nikafungua orodha kutafuta jina la kwanza. Watu saba wamekaa wananitazama. Wote walijua nimeshushwa, na wengine walinikuta pale chini nikiwaandikia miadi.

Ndipo mlango wa ofisi ukafunguka. Daktari akatoka, akapita katikati ya korido mbele ya watu wote, hakuniangalia hata mimi. Akaingia chumbani kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mlango akauacha wazi.

Nikamwuliza, "Daktari, kuna tatizo?"

Akasema, "Kuna ndita. Ninazo tangu Machi, na nyingine nilijitafutia mwenyewe." Akageuza kichwa kuelekea koridoni, akaongeza kwa sauti kubwa, "Nilisema mkono huu ni mbovu, na habari ikawafikia nyote. Sasa nataka mwone nimechagua mkono upi."

Meneja alikuwa amesimama kwenye ngazi na karatasi yake mkononi, mdomo wazi.

Nikanawa mikono. Nikapima kwa rula, nikaweka alama tano juu ya mfupa, nikavuta dawa. Daktari akavua miwani yake, akaegemea, akainua uso na kufumba macho yote mawili.

Mkono wangu, Dada, ulitulia kuanzia sindano ya kwanza mpaka ya tano.

Mdogo wako,
Kitinda